Shahidi wa Maumivu Ni Nani?



Kuna jambo ambalo wanaume hawapendi kulitaja, na wanawake wamezoezwa kulinyamazia: ni maumivu ya tumbo yanayowashika wasichana na akina mama wengi katika siku zao za mwezi. Labda mtu atauliza: katekista ana kazi gani na mambo hayo? Si ya waganga na ya wanawake wenyewe? Najibu kwamba ndani yake mna swali la haki, na swali la haki ni letu sote. Swali lenyewe ni hili: mwenzangu akiniambia, «Naumwa», nami sioni jeraha, wala homa, wala uvimbe, je, nina ruhusa ya kumdai alama kabla ya kumsadiki?

Swali hili ni la zamani. Lakini limepata sura mpya tangu wataalamu wengine walipoanza kuitafuta alama hiyo kwa waya na umeme. Nieleze kwanza kazi yao, maana ni habari ya kupendeza, na asiyeijua ataona maneno yangu mengine hayana mzizi.

Wachina wana uganga wa sindano uliodumu miaka 2000 na zaidi. Si sindano ya kutia dawa mwilini kama zile za dispansari. Ni sindano nyembamba, haina tundu, haina dawa. Mganga huichoma mahali maalum pa ngozi, huiacha kwa muda, kisha huitoa. Mahali hapo tupaite nukta. Hesabu yao ya kawaida ni nukta 361, nazo zimepangwa juu ya njia 14 zinazopita mwilini toka kichwani hata vidole vya miguu. Wachina wa kale walisema kwamba katika njia hizo hupita nguvu ya uhai, waiitayo qi, na kwamba maumivu hutokea pale nguvu hiyo inapozibwa. Watu wa Ulaya walipata habari hizo zamani. Mwaka 1683 munganga Mholanzi Willem ten Rhijne, aliyekuwa ametumikia Japani, alitoa kitabu huko London kwa Kilatini, akauita uganga huo acupunctura, yaani kuchoma kwa sindano.

Kati ya nukta hizo iko moja iitwayo Sanyinjiao, nayo hutumiwa sana kwa magonjwa ya wanawake. Mtu akitaka kuijua, aweke vidole vinne pamoja juu ya kifundo cha mguu, upande wa ndani. Pale kidole cha juu kinapoishia, nyuma ya mfupa wa muundi, ndipo penyewe. Msichana mwenye maumivu ya mwezi huchomwa sindano hapo, au hubonyezwa tu kwa kidole gumba.

Sasa umeme. Mwaka 1950 Mjapani Yoshio Nakatani alikuwa akipima ngozi ya mtu mwenye ugonjwa wa figo. Akaona kwamba mahali fulani ngozi ilipitisha umeme kwa urahisi kuliko ngozi ya pembeni, na kwamba mahali hapo, pakiunganishwa kwa mstari, palifanana na ile njia ambayo Wachina waliiita njia ya figo. Miaka hiyohiyo ya 1950 munganga Mdachi Reinhold Voll alitengeneza kifaa chake cha kupima nukta, na baada yao wengine wengi, Ufaransa na Marekani na China kwenyewe. Kazi ya kifaa hicho si ngumu kuifahamu. Mgonjwa hushika chuma kimoja mkononi, na chuma cha pili chenye ncha hugusishwa kwenye nukta. Betri ndogo hutoa umeme mdogo sana, usioumiza. Mshale wa kipimo huonyesha kama ngozi ya pale inauzuia umeme kwa nguvu au inauacha upite.

Ikawa watu wakawaza: kama nukta ina tabia yake ya umeme, labda tabia hiyo hubadilika mtu anapougua. Na kama hubadilika, labda tutayaona maumivu kwa macho. Katika miaka yetu hii watafiti wa China wamechukua wasichana wa vyuo, wengine wenye maumivu ya mwezi na wengine wasio nayo, wakapima nukta zao siku ya damu na siku za baadaye, wakijiuliza kama mabadiliko ya umeme wa ngozi yanaonyesha yale maumivu.

Niliieleza habari hii siku moja mbele ya waume wachache baada ya Misa ya Dominika. Mmoja akauliza: «Kipimo hicho kinauzwa franka ngapi? Ningekinunua, nijue siku mke wangu anaumwa kweli na siku anakimbia shamba.» Wenzake wakacheka. Yule mtu si mbaya. Ni mchapa kazi, na watoto wake wanasoma. Lakini ona alivyoelewa habari yenyewe. Watafiti walitafuta njia ya kumtibu mwanamke. Yeye alisikia njia ya kumhukumu. Na nadhani wengi wetu, tukisema kweli mbele ya Mungu, tungesikia kama yeye.

Basi, tukitazame kifaa hicho kwanza kwa upande wa elimu tu. Mwaka 2008 Andrew Ahn na wenzake huko Marekani walikusanya utafiti uliokwisha fanywa juu ya umeme wa nukta na wa njia hizo. Walipata tafiti 18 zilizostahili kusomwa: 9 za nukta, 9 za njia. Katika zile 9 za nukta, 5 zilisema kwamba nukta huzuia umeme kidogo kuliko ngozi ya pembeni. Zilizobaki hazikusema hivyo. Tena wakaona kwamba nyingi hazikufanywa kwa uangalifu, watu waliopimwa walikuwa wachache, na mambo mengi yaliweza kuchafua kipimo. Wakamaliza kwa kusema kwamba haijathibitika kama nukta zatofautiana na ngozi nyingine kwa umeme.

Mambo gani huchafua kipimo? Hata mtoto wa shule ataelewa. Ngozi yetu ya juu kabisa ni kavu, imekufa, nayo ndiyo izuiayo umeme zaidi. Ikilowa jasho, umeme hupita. Ukiisugua, hupita. Ukikandamiza ile ncha ya chuma kwa nguvu zaidi, hupita zaidi; na ukirudia mara ya pili mahali palepale, huenda ukapata jibu lingine. Mikono ya mkulima na mikono ya karani si sawa, na asubuhi ya baridi si sawa na adhuhuri. Mpimaji anayetamani kuiona nukta huweza kuikandamiza kidogo zaidi bila kujua, na kipimo kikamjibu kama alivyotamani. Hapo hakuna aliyedanganya, ila mkono umefuata moyo.

Tena kuna jambo ambalo yule ndugu wa franka hakulijua, nami nilimweleza. Mwaka 1888 Mfaransa Charles Féré alionyesha kwamba ngozi ya mtu hubadilika kwa umeme anaposhtuka au moyo wake unapotaabika. Ndiyo maana chombo kile cha polisi kinachoitwa kipimo cha uongo hupima pia umeme wa ngozi. Mwaka 2003 baraza la wanasayansi wa Marekani lilichunguza chombo hicho likaona kwamba hakitoshi kutegemewa kwa kuchuja watu, kwani mwenye hofu na mwenye uongo huweza kufanana. Fikiri basi: mke anaitwa na mumewe, anashikishwa chuma, anaambiwa, «Leo tutajua.» Atatoka jasho. Na ile ngozi itasema nini? Itasema kwamba anaogopa.

Lakini sitaki kushinda kwa njia rahisi. Tuseme kwamba kesho apatikane mtaalamu wa kutengeneza kifaa kisichokosea. Je, hapo tutakuwa na ruhusa ya kuacha neno la mwanamke na kulitazama neno la kifaa?

Hapa yafaa kufikiri polepole kidogo. Huyo mtaalamu angejuaje kwamba kifaa chake hakikosei? Hana njia ila moja: awaulize wanawake. «Wewe unaumwa sasa?» «Ndiyo.» Mshale ukasimama hapa. «Na wewe?» «Hapana.» Mshale ukasimama pale. Kila kipimo cha maumivu, cha jana na cha kesho, kimesimama juu ya neno la watu walioumwa wakasema wanaumwa, na mtu mwingine akawasadiki. Pasipo neno lao, mshale ule hauna maana yoyote. Ni chuma kinachocheza. Basi kifaa chaweza kuwa msaidizi wa neno hilo, lakini hakiwezi kuwa hakimu wake, kwani mtoto hawezi kumzaa mama yake.

Mtakatifu Toma wa Akwino, katika Summa yake, asema kwamba ili kuwe na maumivu yatakiwa mambo mawili: ubaya fulani uungane na mtu, na mtu autambue kwamba umeungana naye. Sisi tuliosoma seminari tulikariri maneno hayo kwa mtihani, tukapita. Lakini yana nguvu kubwa. Ubaya ulio mwilini, kama kidonda au msuli uliokaza, mwingine aweza kuupima, leo kidogo na kesho zaidi. Kutambua ni kwa mwenyewe. Hakuna anayetambua kwa niaba ya mwingine. Ndiyo sababu wazee wetu walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake; hawakuwa wamemsoma Mtakatifu Toma. Na mwaka 2020 chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu, kilipotengeneza upya maana ya neno lenyewe, kiliandika wazi kwamba mtu akisema anaumwa, neno lake lapaswa kuheshimiwa.

Labda mtu atasema: «Hayo ni ya filozofia. Mwili wa mwanamke ni mwili. Kama kuna maumivu kuna sababu, na kama hakuna sababu ni mawazo tu.» Nakubali sehemu ya kwanza. Sababu ipo, na imejulikana. Lakini sikiliza ilivyojulikana, maana habari hiyo yatuhukumu.

Mwaka 1935 Mswidi Ulf von Euler aliipa jina dawa fulani ya asili aliyoikuta katika mbegu ya kiume. Akaiita prostaglandini, akidhani inatoka katika tezi ya prostata, ambayo wanaume tu wanayo. Mwaka 1957 Mwingereza V. R. Pickles alitangaza kwamba katika damu ya mwezi ya wanawake mna kitu kinachokaza misuli. Na baadaye ikaonekana kuwa ni prostaglandini zilezile. Tumbo la uzazi linapovua ngozi yake ya ndani kila mwezi, hutoa prostaglandini, nazo hulikaza lile tumbo lisukume damu nje. Zikizidi, msuli hukaza kupita kiasi, mishipa ya damu iliyomo hubanwa, msuli hukosa hewa ya damu, nao hulia kama msuli wowote ulionyimwa damu. Maumivu huenda mgongoni na mapajani. Wengine hutapika, wengine huharisha, wengine huzimia. Imepimwa kwamba wanawake wenye maumivu makali wana prostaglandini nyingi kuliko wasio nayo. Mwaka 1971 Mwingereza John Vane alionyesha kwamba aspirini huzuia prostaglandini zisitengenezwe, na mwaka 1982 akapewa tuzo ya Nobel pamoja na Waswidi wawili.

Na kabla ya hapo? Waganga wengi, watu wenye shahada, waliandika kwamba maumivu hayo ni ya kichwani, kwamba mwanamke anayeumwa hivyo hapendi kuwa mwanamke, au hapendi kazi, au amelelewa vibaya. Waliandika hivyo kwa sababu hawakuona kitu. Basi nauliza: mwaka 1956, mwaka mmoja kabla ya Pickles, msichana aliyejikunja juu ya mkeka wake alikuwa anasema uongo? Na mwaka 1958 akaanza kusema kweli? Yeye hakubadilika hata kidogo. Mwezi ulikuwa uleule, tumbo lilelile, kilio kilekile. Aliyekuwa nyuma ni yule msikilizaji.

Sasa nifike kwa Wakristu wenzangu ambao hawahitaji kifaa wala munganga, kwa kuwa wana jibu lao tayari: «Ni adhabu ya Eva. Mungu alisema. Avumilie.» Neno hili nimelisikia vijijini mara nyingi kuliko yote, na husemwa na watu wenye kusali. Lakini Kanisa halikufundisha hivyo. Tarehe 8 Januari 1956 Papa Pio XII alisema na waganga juu ya kuzaa bila maumivu, naye alilitazama neno hilohilo la kitabu cha Mwanzo. Alieleza kwamba Mungu alipompa Eva adhabu, hakuwakataza akina mama kutumia njia za kupunguza uchungu wa kuzaa. Adamu naye aliambiwa kwamba atakula kwa jasho na kwamba ardhi itamzalia miiba. Nani kati yetu amesikia mahubiri yanayokataza jembe jipya, au kamba ya kupandia, au shoka lenye makali? Mwaka uliofuata, tarehe 24 Februari 1957, Papa huyohuyo aliwajibu waganga wa dawa za usingizi kwamba Mkristu halazimiki kuyataka maumivu kwa ajili ya maumivu, na kwamba aweza kutumia dawa za kuyatuliza. Mwenye kuyapokea kwa hiari na kuyaunganisha na mateso ya Bwana Yezu afanya jambo kubwa, kweli. Lakini asikize huyo mwenye hiari: ni yeye mwenyewe anayetoa. Hakuna sadaka inayotolewa kwa mwili wa mwenzako.

Hapa nataka kutofautisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kumjaribu mwanamke ni jambo moja. Kuijaribu dawa ni jambo lingine. La kwanza ni dharau. La pili ni wajibu. Nikisema tumsadiki msichana anayesema anaumwa, sisemi tumsadiki kila anayesema ana dawa. Huyo wa pili apimwe, tena kwa ukali, kwa kuwa anashika mkononi pesa za maskini.

Basi na uganga wa sindano tuupime hivyo. Mwaka 2016 Caroline Smith wa Australia na wenzake walikusanya majaribio 42, yenye wanawake 4640, juu ya sindano na kubonyeza nukta kwa maumivu ya mwezi. Jibu lao lilikuwa kwamba ushahidi hautoshi kusema kama vinasaidia au havisaidii, kwa kuwa majaribio mengi yalikuwa dhaifu. Wanawake wengine walipata nafuu. Lakini huenda nafuu ilitoka kwenye kulala kimya nusu saa, na kuguswa kwa upole, na kuwa na mtu anayesikiliza. Hayo si kitu kidogo. Mtakatifu Toma mwenyewe, akitafuta dawa za huzuni, ataja machozi, na rafiki anayehuzunika pamoja nawe, na hata usingizi na kuoga. Nami sioni dhambi kwa dada anayembonyeza mdogo wake pale juu ya kifundo. Hakugharimu kitu. Ila tahadhari moja: Wachina wenyewe huizuia nukta hiyo kwa mwenye mimba. Na kwa mtu anayezunguka na kijisanduku chenye waya na mshale, akidai kukujulisha magonjwa yako yote kwa kukugusa vidole, fungia pesa zako katika leso.

Kwa upande mwingine, dawa za jamii ya aspirini, kama ibuprofeni, zimepimwa vizuri zaidi. Mwaka 2015 majaribio 80 yenye wanawake 5820 yalikusanywa, yakaonyesha kwamba dawa hizo hutuliza maumivu ya mwezi kuliko kidonge kisicho na dawa ndani. Sababu yake mmekwisha kuiona: huzuia prostaglandini. Yafaa zimezwe mapema, maumivu yanapoanza, pamoja na chakula. Na mwenye vidonda vya tumbo amwulize muuguzi kwanza. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuvingirishwa nguo, ikawekwa juu ya tumbo, husaidia pia. Kidonge kimoja, chupa moja. Nafikiri mara nyingi juu ya wasichana waliokosa masomo siku mbili kila mwezi kwa sababu hakuna aliyewaambia neno hilo, na aliyejua aliona haya.

Na maumivu yanayozidi mwezi kwa mwezi, yanayobaki hata damu ikiisha, au yanayomshika mwanamke wakati wa tendo la ndoa, yasiachwe nyumbani. Uko ugonjwa uitwao endometriosi: ngozi inayofanana na ile ya ndani ya tumbo la uzazi huota nje yake, huleta makovu, na huweza kuzuia mimba. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba huwapata karibu 10 kwa 100 ya wasichana na wanawake walio katika umri wa kuzaa, kama milioni 190 duniani. Wengi hukaa miaka mingi kabla ya kutambuliwa, na sababu moja ni kwamba waliambiwa, tangu wasichana, kwamba kila mwanamke huumwa. Kumbe neno la mgonjwa lingalisadikiwa, lingekuwa kipimo cha kwanza na cha bei ndogo kuliko vyote.

Turudi katika Maandiko Matakatifu. Hana, mke wa Elkana, alisali hekaluni kwa uchungu wa moyo; midomo yake ikacheza, sauti haikusikika. Kuhani Eli alikaa kwenye kiti chake karibu na mwimo wa mlango, akamtazama. Aliona nini? Midomo inayocheza. Hiyo ndiyo alama aliyokuwa nayo, nayo haikuwa ya uongo. Midomo ilicheza kweli. Kutoka kwenye alama hiyo akatoa hukumu: amelewa. Kosa la Eli halikuwa kutazama. Kosa lake ni kwamba alitazama alama akamaliza, kabla ya kumwuliza mwenyewe. Hana alipomjibu kwamba si mvinyo bali ni uchungu, Eli hakumdai kitu kingine. Hakunusa kinywa chake. Alimsadiki palepale, akamwombea, na Hana akaenda zake akala chakula.

Tazameni pia yule mwanamke wa Injili ya Marko, aliyetokwa damu miaka 12, akatumia mali yake yote kwa waganga, na hali ikazidi kuwa mbaya. Alipogusa vazi la Bwana Yezu, Injili yasema kwamba yeye mwenyewe alitambua mwilini mwake kuwa amepona. Watu walikuwa wakisongamana pale, na hapana aliyeona kitu. Bwana akasimama. Mitume waliona ni kupoteza wakati, maana binti ya mkubwa wa sinagogi alikuwa akifa. Yeye akangoja mpaka yule mwanamke akaja akasema ukweli wote, mbele ya wanaume wote wale, juu ya jambo ambalo sheria ya zamani iliita uchafu. Kisha akamwita binti.

Limebaki pingamizi moja, nalo ni la kweli: wako wanaodanganya. Mwalimu yeyote wa shule ya misioni amemwona msichana anayeumwa tumbo kila siku ya hesabu. Sikatai. Wako pia wanaume wanaoumwa mgongo kila siku ya kazi ya kijiji, na sijasikia mtu akiwatafutia waya. Tufanyeje? Tupime makosa mawili. Tuseme wasichana 10 wanakuja kwa dada msimamizi asubuhi ya kulima muhogo, na 2 kati yao wanadanganya. Akiwasadiki wote, mistari miwili ya muhogo haitalimwa leo, na wale wawili watajua mioyoni mwao walichofanya, waweza kuungama. Akiwakataa wote, wanane watainama juu ya jembe wakiwa na tumbo lililokaza kama ngumi, na mwezi ujao hawatakuja tena kusema. Wala hawatasema siku ile damu itakapozidi, au uvimbe utakapoota. Muhogo wa mistari miwili utalimwa Jumatatu.